Hodi ya Tatu

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, msitarajie hadithi ya sungura na fisi. Mimi nina bangili. Ni ya fedha, nzito, imepinda upande mmoja kama kitu kilichokanyagwa. Nimeikuta kwenye kasha la mamangu, chini kabisa, imefungwa ndani ya kipande cha leso, siku tulipokuwa tukigawa nguo zake baada ya arubaini. Nilipofungua leso ile ilitoka harufu ya udi na karafuu, na chini yake harufu ya nazi iliyochacha. Hiyo ya nazi pengine niliitia mwenyewe kwa mawazo, lakini niliketi juu ya nguo za marehemu.

"Nyanya, bangili ya nani hiyo?" mjukuu wangu akaniuliza.

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Wewe kunja nguo."

Sasa namjibu. Mamangu amezikwa na lawama isiyokuwa yake, na mwenye lawama ni mimi, nami bado nala na kulala.

Tulikaa Likoni, upande wa Timbwani, nyumba ya udongo na makuti, ukumbi mbele na ua nyuma. Baba alikuwa kuli bandarini, akivuka na feri ya alfajiri na kurudi magharibi. Mama akipika mahamri. Mimi asubuhi skuli, jioni chuoni kwa mwalimu, na katikati ya hapo nilitakiwa niwe nyumbani. Lakini karibu na soko palikuwa na banda la mabati lililoonyesha video, na mtoto ukimwambia pahali fulani hapaendwi, ndipo miguu yake inapopajua.

Mle bandani tulikwenda mimi na Mwanakombo, mtoto wa jirani, tumejifunga mitandio hadi puani kama wake za watu. Mchana ule ulikuwa wa joto, mabati yanalia, jasho la wanaume limejaa mle ndani pamoja na moshi wa sigara. Mbele palikuwa na televisheni juu ya meza, na kando yake kijana mwenye fimbo tukimwita Mkalimani. Kazi yake ilikuwa kutueleza wasemayo watu wa filamu. Siku hiyo filamu ilikuwa ya Kijapani, na Kijapani Mkalimani alikijua kama mimi ninavyojua kurusha ndege.

"Huyu ni Dada," akasema, akimpiga fimbo ya uso mwanamke aliyekuwa mle ndani ya televisheni. "Dada ametoroka jela. Alifungwa kwa kusingiziwa. Mtizameni mkono, pingu imebaki upande mmoja!"

Kweli ilikuwapo. Duara ya chuma imemkaa kwenye kifundo, mnyororo wake umekatika, unaning'inia. Alikimbia mahali palipojaa kitu cheupe hadi magotini, na kitu hicho kilikuwa kikianguka kutoka juu.

"Ni nini hicho?" mtu akauliza.

"Chumvi," Mkalimani akajibu bila kufikiri. "Kwao chumvi huanguka kama mvua. Ndiyo maana Dada analia, imemwingia vidondani."

Niliamini. Na vidonda alikuwa navyo. Filamu ile haikuwa ya kutizamwa na mtoto, wala sijui kama ilikuwa ya kutizamwa na mtu. Ilirudi nyuma ikaonyesha alivyokuwa jela: wamemtundika kwa kamba, wanampiga, nguo zimemchanika. Tena na tena. Kila akipigwa, wanaume mle bandani walipiga miluzi. Mimi nilifumba macho, na Mwanakombo akaning'oneza, "Fumbua, wamemaliza." Hawakuwa wamemaliza.

Mwishowe Dada akafika kijiji fulani, akafichwa na bibi kizee. Wale waliomwinda wakaizunguka nyumba. Dada hakukimbia tena. Aliketi pembeni, nywele zimemfunika uso wote, mkono wenye pingu umewekwa juu ya goti, kimya kama kaburi. Chini ya mkeka alikuwa na kisu. Mlango ukaanza kufunguka. Dada akainua uso kidogo, jicho moja likaonekana kati ya nywele, na papo hapo picha ikapinda, ikawa mistari, ikazimika.

Banda likalipuka kwa makelele. Mabati yakapigwa mateke.

"Tulieni! Mtanivunjia banda!" Mkalimani akapanda juu ya benchi. "Mwisho nitawapa kwa mdomo. Sikizeni. Dada aliwataka waingie. Ndiyo ilikuwa hila yake! Mlango ulipofunguka wakaingia wote, na yeye akasimama, akatupa nywele nyuma, akawafyeka kama majani. Hakubaki hata mmoja. Kisha akaenda zake kwao, akaishi raha mustarehe."

Nilirudi nyumbani roho imetulia. Nilikuwa nimejifunza jambo. Mwanamke anayewindwa akiketi kimya na nywele usoni, usimhurumie. Anangoja mlango ufunguke.

Haikupita wiki, asubuhi moja nikamkuta mama mdogo Rukia ameketi jikoni kwetu.

Rukia na mamangu walikuwa watoto wa ndugu wawili, na mume wake, Bwana Athmani, alikuwa na duka la mbao Kisauni. Alikuwa ametoka huko kabla ya alfajiri, akapita mjini kwa miguu, akavuka na feri ya kwanza, akaingia kwa mlango wa ua. Buibui lilikuwa limechanika begani. Nywele, ambazo siku zote huzisuka vizuri, zilikuwa zimemwagika usoni. Na mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia vidole hadi kiwiko, na bangili ya fedha imezama kwenye kifundo, nyama imeinuka pande zote mbili.

Nikaitizama ile bangili. Nikatizama zile nywele. Moyo wangu ukapiga kwa nguvu, na wallahi haikuwa kwa huruma.

Mama alijaribu sabuni, akajaribu mafuta ya nazi, akajaribu uzi. Haikutoka.

"Iwache, dada," Rukia akasema. "Itatoka yenyewe."

"Leo ni mkono. Kesho je?"

"Kesho ni shingo. Ameniambia mwenyewe."

"Na mtoto?"

"Nimemwacha amelala." Hapo akageukia ukuta.

Shauri lilipitishwa jioni, baba alipokuja. Kakake Rukia, ambaye mimi humwita mjomba, alikuwa Vanga. Mtu alikuwa ameshapelekwa kumwita na angefika Alhamisi. Angemchukua dadake mpaka kwa wazee wao, na kutoka huko wangekwenda kwa kadhi wakiwa na mkono ule ule, ambao ulikuwa ushahidi tosha. Palikuwa na siku tatu za kungoja, na mchana baba hakuwapo.

"Athmani atakuja," mama akasema.

"Na aje," baba akasema. "Athmani ni mtu wa safu ya mbele msikitini, jina lake alipenda kuliko macho yake. Hawezi kuonekana na watu akiingia nyumba yenye wanawake bila kukaribishwa. Hodi tatu. Asipoitikwa ya tatu, sheria yamwambia arudi, naye atarudi. Nyinyi nyamazeni tu."

Mama akanigeukia mimi, akanishika sikio, hakulivuta. "Umesikia? Hodi ikipigwa nyumba hii haitiki mtu. Si wewe, si mimi, si paka."

"Abee, mama. Nimesikia."

Siku mbili zile nilikuwa kivuli cha Rukia. Hakuweza kujisuka kwa mkono mmoja, kwa hivyo akaniambia, "Njoo uwe mkono wangu wa pili." Nikawa nashika fungu moja la nywele yeye akipitisha jengine, na tukashindwa, ukili ukatoka mpotovu kama wa mkeka wa mtoto. Akacheka. Ndiyo mara moja tu niliyomwona akicheka nyumbani kwetu.

"Mama mdogo, wewe waogopa?"

"Hapa kwenu siogopi, mwanangu."

Nilijua tu, nikajiambia. Dada pia hakuogopa. Lakini kitu kimoja hakikuwa sawa, nacho kilinisumbua: Rukia hakuwa na kisu. Basi Jumatano, alipokwenda kutawadha, nilichukua kisu cha mama cha kupasulia samaki nikakisukuma chini ya mkeka wake, upande wa mkono mzima. Alirudi akanikuta nimechutama pale. Akauliza wafanya nini, nikasema natafuta shanga.

Athmani alikuja siku hiyo hiyo baada ya alasiri.

Mama alikuwa uani anafua. Rukia alikuwa chumbani ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, kibao amekikalia, nazi ameishika kwa mkono mzima peke yake, taratibu, sahani imejaa nusu. Mimi nilikuwa ukumbini nyuma ya mlango, na mlango wetu ulikuwa na ufa.

Nilimwona mtu msafi. Kanzu imepigwa pasi, kofia nyeupe, ndevu zimechanwa. Alivua viatu vyote viwili akavipanga kando ya kizingiti, pua zake zikitizama barabarani. Mtu aliyemvunja mkewe mkono alivua viatu.

"Hodi. Salaam aleikum, wenyewe."

Uani, sauti ya maji ikakoma. Chumbani, nazi ikakoma. Mama akachungulia, kidole mdomoni, akanitizama mimi.

Alingoja. Hakubisha kwa nguvu, hakutukana. "Hodi."

Majirani wawili walikuwa wamesimama upande wa pili wa njia, wakamwamkia, naye akawaitikia vizuri. Akangoja muda mrefu zaidi.

"Hodi, wenyewe."

Kimya. Akatikisa kichwa. Akainama, akavaa kiatu cha kulia.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mambo yanaharibika. Alikuwa anakwenda zake! Mlango haukufunguka, Rukia hakusimama, na mimi ningebaki tena na mwisho wa kuelezwa kwa mdomo. Nikafikiri jinsi Rukia atakavyotupa nywele nyuma. Nikafikiri kwamba namsaidia.

"Karibu!" nikasema.

Akasimama pale pale, kiatu kimoja mguuni. Akageuka. Akakivua tena kile kiatu, akakipanga karibu na mwenzake, akasukuma mlango na kuingia kwa mguu wa kulia akisema bismillahi.

Mimi nilikimbilia chumbani kabla yake, nikajibanza pembeni nipate kuona vizuri.

Rukia alisimama, nazi ikaanguka ikabingirika. Nikamtizama nywele. Hakuzitupa. Alirudi nyuma hadi bangili ikagonga ukuta, ti. Akasema kwa sauti ndogo ambayo Dada hakuwa nayo, "Bwana wangu, n'samehe. Nilikuwa narudi. Wallahi nilikuwa narudi."

"Vaa buibui twende nyumbani," Athmani akamwambia. "Mtoto analia."

Mama akaingia na povu la sabuni mikononi, akajitia katikati. "Hatoki mtu hapa! Majirani! Jamani, majirani!"

Wakaja. Wale wawili wa njiani, na wengine, na wanawake nyuma yao. Mzee mmoja wa mtaani, mkulima aliyeheshimiwa na wote, akasimama mlangoni akasema, "Bwana Athmani, ngoja mwenye nyumba arudi. Mwanamke hatolewi hivi." Na wale wanaume wengine wakasogea wakasimama pamoja naye. Mlango ulikuwa umezibwa. Nataka mlijue hilo. Mpaka hapo, watu walikuwa upande wetu.

Athmani akamshika Rukia kwa mkono mzima. Rukia akajiangusha akaushika mkeka. Akavutwa, mkeka ukavutika naye, na kisu changu kikatoka chini yake, kikateleza sakafuni, kikasimama mbele ya miguu ya yule mzee.

Athmani hakukiokota. Alikiacha palepale mpaka kila mtu akakiona.

"Mashahidi," akasema polepole. "Mnanilaumu mimi. Haya, mke alalia kisu. Nimekuja na hodi, sikuja na fimbo, na yeye amenitegea kisu."

Mzee akauliza, "Rukia, hiki ni chako?"

Rukia alikitizama kisu. Kisha akanitafuta mimi kwa macho hadi akanipata pale pembeni. Alikuwa ameshajua ile shanga niliyokuwa nikiitafuta. Nilikuwa na ulimi na nilikuwa na pumzi. Nikatizama vidole vya miguu yangu.

Akafunga mdomo, hakujibu.

Mama akasema, "Ni kisu changu, ni cha samaki, sijui kimefikaje hapa!" Lakini ni nani angemwamini? Wale wanaume mlangoni wakaanza kusogea kando, mmoja baada ya mwingine, na mzee akawa wa mwisho. Athmani akakifunga kisu kwa leso yake ya mfukoni. Mama akamvisha Rukia buibui lake yeye mwenyewe, maana lile jingine lilikuwa limechanika, na mikono ikamkosea mara mbili.

Pale kizingitini Rukia aligeuka. "Dada," akamwambia mama, "malizeni nazi, isichache."

Hakuna aliyeimaliza. Ilikaa kwenye sahani hadi mjomba alipokuja Alhamisi, akaikuta pamoja na mbuzi yake na chumba kitupu. Alikwenda Kisauni akaonyeshwa kisu kwenye leso. Wazee wa huko wakamwambia ashukuru dadake hakupelekwa kituoni. Ile habari ya kwenda kwa kadhi na mkono ikafia hapo. Nani atauuliza mkono, na kisu kipo?

Haukufika mwezi wa Ramadhani tukaletewa habari kwamba Rukia ameteleza kisimani. Mama alikwenda kumwosha. Aliporudi aliketi uani na ile bangili mapajani, akaniambia maneno ambayo siku hiyo sikujua uzito wake: "Imetoka yenyewe. Mkono ulikuwa umekwisha hata haukuizuia."

Siku ya hitima mjomba alikuja kwetu. Hakuketi. Alisimama nje ya kizingiti, mimi nikiwa nimeshika doti ya leso aliyojifunga mama.

"Dada, sikuja kugombana. Nataka neno moja. Mimi niliambiwa hodi haitaitikwa. Ni nani aliyeitika?"

Mkono wa mama ukashuka ukanishika kichwa, ukakibana kwenye nguo yake hadi sikuweza kufungua mdomo hata ningetaka.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilisahau. Ulimi umezoea."

Mjomba alimtizama. "Ulimi umezoea," akakariri, akaondoka. Hakukanyaga tena nyumba yetu mama akiwa hai, wala harusi yangu, wala mazishi ya baba. Mama alizeeka akiitwa huko Vanga mwanamke aliyesahau. Mimi hakunipiga, hakunikemea, hakuniuliza. Alinunua kisu kingine tu, akakitundika juu kwenye boriti nisipofika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto, nilimkuta Mkalimani penye kivuko akiuza korosho, amekuwa mtu mzima mwenye kitambi. Nikamwuliza kuhusu filamu ile ya Dada na chumvi.

"Mwisho wake ulikuwaje hasa?"

"Mwisho?" Akacheka. "Mama, mimi mwisho sikuuona. Mkanda ulikuja umekatika."

"Na yale uliyotuambia?"

"Sasa ningefanyaje? Mlikuwa mwanivunjia banda."

Nikanunua korosho zake nikaenda zangu. Lakini tangu siku ile nimeielewa filamu. Haikutengenezwa ili Dada ashinde. Ilitengenezwa ili apigwe na watu watizame. Kushinda kwake kulikuwa kama sukari wanayokupa baada ya dawa, ili usijione kwamba umeketi saa nzima ukitizama mtu akiumizwa. Mimi nilitaka ile sukari. Nikafungua mlango kuifuata.

Mamangu alipofariki, mjomba alikuja kuzika. Amekuwa mzee, anashikwa mkono. Baada ya dua akasema mbele ya wanaume wote, "Mungu amsamehe kwa ile hodi." Wakaitikia amin. Na mimi, nyanya mzima mwenye wajukuu, nilikuwa dirishani, nikatizama tena vidole vya miguu yangu.

Basi. Mjomba, huyu mjukuu wangu atayaleta maandishi haya Vanga akusomee kwa sauti. Hakuwa mama. Ni mimi niliyesema karibu, na kisu ni mimi niliyekiweka. Mamangu hakusahau kitu katika maisha yake. Ukitaka kutema mate, tema upande wangu. Bangili utaipata pamoja na barua, maana ni ya dadako.

Na jana, baada ya kuikunja leso ile ikiwa tupu, niliwaita wote wa nyumba hii, wanangu, wakaza wanangu, wajukuu hadi yule anayetambaa, nikawasimamisha mbele ya mlango nikawaambia: hodi ya mwanamke iitikwe ya kwanza, kabla hamjamuuliza jina. Hodi ya mwanamume anayemtafuta mwanamke nyamazeni, naiendea mimi, na asiponikuta avae viatu vyake vyote viwili.